Nimemaliza kucheza, nataka kuhamia upande wa makocha: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mtoto wa Arusha, niko mwaka wa mwisho katika chuo cha daraja la pili la NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani) huko Kansas, na nacheza kama mchezeshaji. Msimu huu ukiisha sitacheza tena, na sina ndoto za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake. Kocha wangu anasema nina jicho la ukocha. Nikitaka kuwa kocha msaidizi wa timu ya kikapu ya wanawake chuoni hapa Marekani, kazi yenyewe ikoje? Inalipa? Visa yangu ya mwanafunzi itaniruhusu? Nyumbani wananiambia niachane na mpira nitafute kazi ya maana.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo na nitayagusa yote, ila nianze na ambalo hukuuliza, maana ndilo linalobeba mengine: unapotafuta kazi hii usichague chuo, chagua kocha mkuu.

Mchezaji anaweza kuvutiwa na ukumbi, jezi na mechi za kwenye televisheni. Kocha msaidizi hana anasa hiyo. Mkataba wake mara nyingi ni wa mwaka mmoja mmoja, na maisha yake yamefungwa kwenye ya bosi wake. Kocha mkuu akitimuliwa, mkurugenzi wa michezo anaajiri mwingine, na huyo mwingine anakuja na watu wake. Kibarua kinaota nyasi bila wewe kukosea lolote. Bosi akipanda, naye hupanda na watu wake. Na hata asipopanda, kama ni mtu anayeheshimika, simu yake moja inakufungulia mlango ambao barua zako hamsini zisingeufungua. Kazi za huku ni za kujuana kuliko wanavyokubali wenyewe.

Tazama chuo cha Iowa. Jan Jensen alikuwa msaidizi wa Lisa Bluder tangu wakiwa chuo cha Drake. Mwaka 2000 wakahamia Iowa pamoja, na Bluder alipostaafu Mei 2024, baada ya kufika fainali mbili mfululizo wakiwa na mchezaji nyota Caitlin Clark, kiti kikawa cha Jensen. Mwaka huohuo Tara VanDerveer aliondoka Stanford akiwa na ushindi wa mechi 1,216, na aliyerithi ni Kate Paye, ambaye aliwahi kuwa mchezaji wake na kisha akawa msaidizi wake tangu 2007. Kwa upande mwingine yuko Kim Mulkey, aliyekaa miaka 15 kama msaidizi wa Leon Barmore huko Louisiana Tech. Zamu yake ilipofika mwaka 2000, yeye na chuo hawakuelewana kuhusu urefu wa mkataba, akachukua timu ya Baylor iliyokuwa hoi, na mwaka 2005 akawa bingwa wa taifa. Kwa hiyo urithi si hakika. Ila miaka ile 15 haikupotea, kwa sababu Baylor walipomchukua walijua amefundwa na nani.

Usidhani pia kwamba lazima uwe kocha mkuu ndipo uhesabike umefika. Chris Dailey yuko na kocha mkuu Geno Auriemma kwenye chuo cha UConn tangu 1985. Mwaka 2018 aliingizwa kwenye jumba la heshima la kikapu cha wanawake akiwa bado msaidizi. Mtu wa namna hiyo ana kazi yake, anaijua, na hana sababu ya kuiacha.

Sasa kazi yenyewe. Tangu Julai 2023 timu ya daraja la kwanza inaruhusiwa kuwa na wasaidizi watano badala ya watatu wa zamani, lakini kanuni hiyo ilipoanza, watatu tu ndio walioruhusiwa kutoka nje ya chuo kwenda kusaka wachezaji. Hao wawili wengine walikuwa wa kufundisha tu. Huko kwenu daraja la pili umeona mwenyewe: msaidizi mmoja, pengine na mwanafunzi wa uzamili anayemsaidia, na kazi zilezile zote zinawaangukia wao.

Kinachowashangaza wengi ni jinsi muda wa uwanjani ulivyo mdogo. Kanuni zinawabana wachezaji wa daraja lako: msimu ukiendelea mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, na siku moja ni ya mapumziko. Kocha hana wa kumhesabia saa. Saa zake nyingi zinakwenda kwenye video, simu na safari.

Chukua kazi ya kumsoma mpinzani, ambayo wenyewe tunaiita skauti. Wasaidizi hugawana wapinzani. Ukipangiwa mechi ya Alhamisi, Jumapili usiku uko mbele ya kompyuta. Unatazama mechi zao nne au tano za mwisho, unakata vipande: wanachofanya mpira ukirushwa kutoka pembeni, wanavyouvunja ulinzi wa zoni, nani anapewa mpira zikibaki sekunde nane. Programu kama Synergy na Hudl zitakurahisishia kukata, ila hazitakuchagulia cha kusema. Halafu unaandika karatasi moja. Moja tu, maana mchezaji wa miaka 19 mwenye mtihani wa kemia kesho yake hatasoma ya pili.

Mstari unaofaa kwenye karatasi hiyo unasomeka hivi (skrini ni mwenzako kusimama njiani amzuie anayekukaba): «Mchezeshaji wao anatumia mkono wa kushoto. Akiwekewa skrini upande wa kulia hutazama kwanza kwa senta wake, akimkosa anarudi hatua moja nyuma na kutupa. Anayemkaba apite juu ya skrini, senta wetu asivuke mstari wa mitupo huru.» Mstari usiofaa ni huu: «Ni timu yenye kasi, tuwe makini.» Wa kwanza unamwambia mtu aweke mguu wake wapi. Wa pili hata shangazi yako aliyeko Ngarenaro angeweza kuuandika bila kuangalia mechi.

Siku moja kabla ya mchezo unawachukua wachezaji wa akiba, unawafundisha mashambulizi ya mpinzani kwa majina yaleyale anayoyatumia, na wanayacheza dhidi ya kikosi cha kwanza. Usiku wa mechi unakaa karibu na kocha mkuu, masikio yako yako kwenye benchi la wapinzani. Wakipaza jina la shambulizi, unainuka na kuwaambia wako linakuja nini. Ukipatia, hakuna atakayekushukuru. Ila kwenye taimauti inayofuata utaona kocha mkuu amekugeukia wewe kabla ya kugeukia ubao. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote za kazi hii, na nilipokuwa msaidizi katika chuo kidogo ningeifanya hata kwa nusu ya mshahara, ambao tayari ulikuwa nusu.

Sehemu ya pili ni usajili, na hapa ndipo watu huajiriwa na kuachishwa. Ingia mwezi Julai kwenye ukumbi wa mashindano ya wasichana wa sekondari: viwanja sita au vinane vimepangwa sambamba, filimbi ya refa wa huku inawasimamisha wachezaji wa kule, na pembeni makocha wamejipanga kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na fulana yenye nembo ya chuo. Kuongea na mtoto aliye katikati ya mashindano hairuhusiwi. Kalenda ya NCAA inasema lini unatazama, lini unazungumza, lini unakaa kimya kabisa. Kwa hiyo nusu ya kazi pale ni kuonekana. Mzazi akiiona nembo yako kwenye kila mechi ya binti yake, ujumbe umefika. Na wewe hutazami pointi, maana hizo kila mtu anaziona. Unatazama binti akitolewa: anakaa wapi, anampa mkono aliyeingia badala yake, na kocha akimsemesha anamtazama usoni?

Mambo yamebadilika sana tangu Oktoba 2018, mfumo wa uhamisho wa wachezaji ulipoanzishwa. Julai 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, ukomo wa mwaka wa kwanza ukiwa karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Sehemu kubwa huenda kwenye futiboli yao na kikapu cha wanaume, wanawake wanapata kipande. Hata hivyo kipande hicho kimetosha kuibadili kazi. Siku hizi unamsajili mchezaji mara mbili: mara ya kwanza kumleta, halafu kila msimu unapoisha kumshawishi asiondoke. Msaidizi ambaye wachezaji wanamwamini, anayejua kwamba mama wa fulani anaumwa na fulani hajalala kwa sababu ya mtihani, ndiye anayewashikilia. Hili halifundishwi darasani, na wewe uliyelelewa kwenye nyumba ya kupokea wageni unaweza kuwa nalo tayari.

Hapo niongeze jambo kuhusu asili yako. Vyuo vimeanza kuitazama Afrika Mashariki kwa wasichana. Mkenya Madina Okot alitoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, timu iliyochukua ubingwa wa 2017, 2022 na 2024. Makocha wakuu wameliona hilo. Mtu anayeweza kumpigia mzazi simu kwa Kiswahili, anayejua matokeo ya kidato cha nne yanavyotakiwa kuwasilishwa kwenye kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa za wachezaji, na anayemtambua wakala tapeli kabla hajala pesa za familia, ana thamani. Itaje kwenye barua yako. Lakini usiifanye kuwa kitu pekee ulicho nacho. Nimeona makocha waliogeuzwa «mtu wa Afrika» wa timu, wakatumwa kwenye simu za usiku kwa sababu ya tofauti ya saa, na hawakupewa skauti hata moja. Unapohojiwa uliza waziwazi: nitapewa wapinzani wangapi niwaandalie, na nitafundisha wachezaji wa nafasi ipi?

Kuhusu malipo, tofauti ni ya mbingu na ardhi. Januari 2025 Staley alisaini mkataba mpya hadi msimu wa 2029-30 wenye thamani ya dola milioni 25 na ushee, na wasaidizi wa juu kwenye ligi kubwa kama SEC na Big Ten hulipwa dola laki kadhaa kwa mwaka. Mishahara ya vyuo vikuu vya umma ni taarifa ya wazi, kwa hiyo kabla ya kuhojiwa tafuta aliyekutangulia alilipwa nini. Wewe lakini hutaanzia huko. Wengi huanza kama wasaidizi wa uzamili: chuo kinakulipia ada ya shahada ya pili, kinakupa posho ndogo, nawe unakata video, unarudishia mipira, unaendesha basi dogo la timu. Kwenye vyuo vya miaka miwili utakuta msaidizi amepewa chumba kwenye bweni na chakula cha kantini, na usiku yeye ndiye mlezi wa bweni. Kama huna leseni ya udereva ya Marekani, ichukue sasa. Inaonekana jambo dogo mpaka uambiwe nafasi imekwenda kwa anayeweza kuendesha gari.

Usivionee aibu vyuo hivyo, wala vya daraja la tatu. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, kwa hiyo msaidizi wa huko anamshawishi binti bila kuwa na cha kumwahidi zaidi ya elimu na timu. Akihamia mahali penye ufadhili, usajili unakuwa kama umeteremka mlima. Na wakongwe wenyewe walianza kwa jasho hilohilo. Mwaka 1974 Pat Summitt alifika Tennessee akiwa na miaka 22 ili awe msaidizi huku akisoma uzamili. Aliyekuwa kocha akachukua likizo ya masomo, Summitt akapewa timu nzima kwa dola 250 kwa mwezi, na alifua jezi mwenyewe. Alistaafu 2012 akiwa na ushindi wa mechi 1,098 na ubingwa mara nane.

Visa. Hapa uwe makini, na neno la mwisho ni la ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, si langu. Mwenye visa ya F-1, yaani hiyo ya mwanafunzi, anaruhusiwa miezi 12 ya kazi ya mafunzo baada ya shahada ya kwanza, mradi kazi ihusiane na alichosomea. Kama umesomea sayansi ya mazoezi, uongozi wa michezo au ualimu, ukocha unajieleza. Kama ni uhasibu, utahangaika kuuelezea. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza programu, na ukishaanza kipindi hicho usikae bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Ukisoma shahada ya pili unapata miezi 12 mingine, na ndiyo maana njia ya uzamili inakufaa kuliko inavyomfaa Mmarekani.

Ina mtego wake, lakini. Mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na timu ya kikapu mwezi Januari inakula saa 20 kabla ya Jumatano. Mwenzako Mmarekani ataziongeza bila kufikiri, wewe ukizidisha unahatarisha hadhi yako ya kukaa nchini. Liseme hilo siku ya mahojiano. Kocha mkuu atakayekunja uso umeshamjua mapema. Baada ya hapo kuna visa ya kazi, H-1B. Vyuo vikuu havifungwi na bahati nasibu ya kila mwaka, na hiyo ni nafuu kubwa, ila lazima kuthibitisha kwamba kazi inahitaji shahada ya fani maalumu, jambo ambalo kwa ukocha huleta mabishano. Tangu Septemba 2025 pia kuna ada ya dola 100,000 iliyowekwa kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Kwa sababu hiyo usirudi nyumbani «kidogo tu» katikati ya mchakato bila kuongea na wakili.

Kuhusu wazazi na kazi ya maana: sitashindana na mama yako, lakini unaweza kuwasimulia habari za Rena Wakama. Alicheza Western Carolina, akapitia mabenchi ya vyuo vya Manhattan na Stony Brook huko New York, vyuo ambavyo nyumbani hakuna aliyewahi kuvisikia. Mwaka 2023 akapewa timu ya taifa ya wanawake ya Nigeria na kushinda AfroBasket, ubingwa wa Afrika, mjini Kigali. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Paris, Nigeria ikawa timu ya kwanza ya kikapu kutoka Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali, na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ikamtangaza kocha bora wa mashindano ya wanawake.

Suala la kuolewa na watoto hukuligusa, ila litakuja mezani. Kabla ya Title IX, sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Pesa zilipoanza kuingia, wanaume nao wakaziona kazi hizi, na leo ukichukua michezo yote ya wanawake, wanawake hawafiki nusu ya makocha wakuu. Kikapu kina nafuu. Sababu ni nyingi, na ratiba ni mojawapo: mechi zinaanza Novemba na ubingwa unaamuliwa Aprili, na Julai uko barabarani. Adia Barnes, aliyekuwa msaidizi huko Washington kabla ya kupewa Arizona, alijifungua Septemba 2020. Aprili 2021 alikuwa kwenye fainali ya taifa, na wakati wa mapumziko ilibidi akamue maziwa ya mtoto. Walifungwa na Stanford 54-53. Inawezekana, kwa hiyo, lakini inategemea sana bosi ni nani. Ukihojiwa, angalia kama kuna watoto wanaokatiza ofisini mwao, na kama kuna msaidizi mwenye familia aliyedumu.

Cha kufanya kuanzia wiki hii: mwombe kocha wako akupe mpinzani mmoja umwandalie skauti kamili, naye aisahihishe kwa kalamu nyekundu. Hiyo karatasi, ikiwa safi, ndiyo utakayoambatanisha na barua ya maombi, maana wengi wanatuma wasifu mtupu. Muulize pia kama ni mwanachama wa WBCA, chama cha makocha wa kikapu cha wanawake, akupendekeze kwenye warsha yao ya wachezaji wanaomaliza kucheza na wanataka ukocha. Hufanyika kila mwaka sambamba na mkutano mkuu wao, mji uleule wa Final Four (nusu fainali na fainali ya taifa), na makocha wakuu wanaotafuta watu wanakuwa wamejaa kwenye ukumbi wa hoteli. Nafasi nyingi hufunguka Machi hadi Mei, timu zinapobadilisha makocha. Andaa orodha ya makocha wakuu kumi ambao wasaidizi wao wa zamani sasa wana timu zao wenyewe, uwaandikie hao kwanza. Barua isizidi nusu ukurasa.